Fizi za Baba Mkwe

Nilistaafu mwezi Juni. Wenzangu wa kliniki walinipa saa ya ukutani, zawadi ambayo sijaielewa mpaka leo, kwa sababu sasa ndiyo sina pa kuwahi. Walinipa pia daftari kubwa la jalada gumu, na Neema, tabibu mdogo kuliko wote, akaniambia, "Mama, tuandikie mambo ya kazini kabla hujaanza kuyasahau." Nilimshukuru kwa hilo neno "kabla". Basi naandika. Vyeo nilivyopanda sitavitaja. Havikuwa vingi, na hakuna hata kimoja kilichomponya mtu.

Nilikuwa tabibu wa kinywa na meno, Moshi, miaka thelathini na sita. Watu wanadhani kazi yetu ni kung'oa. Kung'oa ni dakika kumi na kelele. Kazi yenyewe ni fizi, ile nyama inayoyashika meno, ambayo huugua taratibu bila kumuuma mwenyewe, mpaka siku jino linatikisika kwenye hindi la kuchoma ndipo anashtuka. Nimeona fizi za kila aina, za maaskofu na za wauza nyanya. Lakini zilizonitesa kuliko zote ni zile ambazo sikuruhusiwa kuziangalia. Zilikuwa za baba mkwe wangu, na kwa muda mrefu zilikuwa zinaoza mita tano kutoka nilipokaa. Nitawafikisha huko.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa kwenye kituo cha afya cha ukanda wa chini, njia ya Mabogini, katikati ya mashamba ya mpunga. Nilivaa koti jeupe jipya lililopigwa pasi mpaka likataka kusimama lenyewe. Mkuu wangu alikuwa Bwana Mhina, mzee wa Tanga, mpole, aliyekunywa chai ya rangi kutwa nzima na kusukutua kwa maji baada ya kila kikombe. Mgonjwa wa kwanza alikuwa mkulima wa mpunga mwenye meno ya mbele ya kahawia tupu. Mimi ni mzaliwa wa Kilema, juu, tulikokunywa maji ya mfereji na meno yetu yakawa meupe. Meno ya kahawia nilikuwa nimeyaona sokoni tu, na sikuwahi kuuliza. Nikajiambia, huu ndio ugaga tuliofundishwa chuoni, ule uchafu unaoganda kwenye meno ukawa mgumu kama jiwe. Nikachukua chombo cha kukwangulia nikaanza. Nilikwangua mpaka koti likalala. Rangi haikutoka hata chembe.

Bwana Mhina alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake, na sijui alikuwepo tangu saa ngapi. "Binti," akasema mwishowe, "hiyo rangi amekua nayo. Ni madini ya maji ya kisima alichonyweshwa utotoni, imo ndani ya jino lenyewe. Ukiendelea utatokea kisogoni."

Nilimwomba radhi yule mkulima. Akafuta mdomo, akasema, "Hamna shida, dada. Mimi nililetwa na damu, lakini nikaona unaifurahia kazi, nikakuacha."

Bwana Mhina akavuta kigoda, akaingiza kioo kidogo nyuma ya meno ya chini, mahali ambapo sikuwa nimeangalia kabisa. Ugaga ulikuwepo, mweupe wa manjano, umejipanga kama ukuta. Fizi zilizopakana nao zilikuwa nyekundu, zimevimba, zinang'aa, na alipozigusa kwa ncha ya chombo zikatoa damu hapo hapo. Kisha akamuuliza swali ambalo nimelirithi na nimelitumia mpaka siku ya mwisho. "Ukipiga mswaki, unatema rangi gani?"

Swali hilo, wadogo zangu, lina akili nyingi. Ukimuuliza mtu kama fizi zake zinaumwa atakwambia haziumwi, na atakuwa mkweli, maana haziumi. Lakini kila mtu anajua alichotema. Nimejibiwa "pinki", nimejibiwa "ya kawaida tu, nyekundu", na padri mmoja alinijibu kwamba hajawahi kuangalia, ingawa alipokwenda nyumbani akaangalia alirudi kesho yake asubuhi kabla hatujafungua. Fizi zenye afya hazitoi damu kwa kuguswa na mswaki. Zikitoa, maana yake utando wa chakula na vijidudu umekaa kwenye shina la jino siku nyingi, na mwili umeanza kupigana nao. Ukiuondoa mapema, fizi zinarudi kama zamani. Ukiuacha unaganda, unakuwa ugaga, unashuka chini ya fizi, unakula mfupa, na mfupa ukishaliwa haurudi.

Tatizo ni kwamba mtu akiona damu anafanya kinyume. Pale sokoni Kiboriloni alikuwepo mama mmoja muuza viazi aliyezungumza na wateja huku amefunika mdomo kwa ncha ya kanga. Alipokuja kwangu nilijua sababu kabla hajakaa, kwa pua. Upande wa kulia mswaki ulikuwa haujapita kabisa.

"Upande huu hupigi mswaki?" nikamuuliza.

"Ulikuwa unatoka damu, daktari. Nikaupumzisha."

"Umeupumzisha tangu lini?"

Akafikiri. "Tangu kipaimara cha mtoto wa pili." Mtoto wa pili ndiye aliyemleta, na alikuwa na ndevu.

Nilimsafisha mara tatu katika mwezi mmoja, nikamfundisha kupiga mswaki hasa pale panapotoka damu, taratibu, mpaka damu yenyewe ichoke. Baada ya wiki chache aliingia kliniki bila kanga mdomoni, akanipulizia pumzi usoni nithibitishe. Nilithibitisha. Halafu akanitangaza soko zima, nikawa siwezi kununua kitunguu Kiboriloni bila mtu kunifungulia mdomo.

Niwaambie pia kuhusu mswaki wenyewe. Watu wa huku wanapenda vitu imara, kwa hiyo wananunua mswaki mgumu wa kusugulia sufuria na kuutumia kwa nguvu za kusugulia sufuria. Wengine wanaongeza jivu, mkaa, au magadi yale ya kulainishia makande, hasa wenye meno ya kahawia, na wanachokwangua hatimaye ni fizi zao. Mswaki uwe laini. Ulazwe kidogo uelekee kwenye fizi, utikiswe kidogo kidogo, asubuhi na usiku kabla ya kulala, na katikati ya meno upitishwe uzi. Na mkiona fizi zimevimba sana na hazisikii matibabu, mpelekeni mtu akapimwe sukari. Nimewakuta wenye kisukari wengi kwa kuanzia mdomoni, na hakuna aliyenishukuru siku hiyo.

Kazi hii imeniachia kilema kimoja. Mtu akicheka mbele yangu sioni kicheko, naona fizi. Picha za harusi yangu mwenyewe siwezi kuzitazama kwa amani kwa sababu ya msimamizi wa bwana harusi. Wanangu wakichekeshwa walikuwa wanaficha mdomo, si kwa adabu, ni kwa kuogopa kuitwa dirishani penye mwanga.

Hapo ndipo tunafika kwa baba mkwe. Niliolewa Old Moshi, kwenye familia ya Kilutheri yenye migomba, kahawa na ng'ombe wawili. Mume wangu Kundaeli ni fundi wa redio, mtu wa maneno machache. Baba yake alikuwa na machache zaidi, na kwangu hakuwa nayo kabisa. Kwa desturi ya kwao, mkamwana hamkaribii baba mkwe, hamwangalii usoni, hapiti mbele yake akiwa anakula. Majirani wengi walishayaacha hayo, wanakaa na wakwe zao wanatazama mpira. Baba hakuyaacha. Tulisalimiana, "Shikamoo Baba," "Marahaba," kwa umbali wa mgomba mmoja, na akitaka kuniambia jambo alimwita mwanangu mkubwa: "Elia, mwambie mama yako chai imepoa." Mimi nikiwa nimesimama hapo hapo na birika. Akicheka mbele yangu aliweka kofia mdomoni. Miaka zaidi ya ishirini sikuwahi kuona jino lake hata moja.

Baba alikuwa mpiga tarumbeta wa usharika. Kundi la tarumbeta la kanisa letu ni la siku nyingi, na yeye alikuwa tarumbeta ya kwanza tangu ujana, aliipokea mikononi mwa mwalimu wake. Kila Jumamosi alikaa barazani akaisafisha ndani na nje, kwa maji ya uvuguvugu, kitambaa na jivu laini, mpaka ukaweza kujiona ndani yake. Mdomo ulioipuliza aliusafisha kwa chai.

Miaka michache kabla sijastaafu nilianza kuona dalili. Siyo mdomoni, mdomoni sikufika. Ya kwanza ilikuwa mbwa. Tulikuwa na mbwa anaitwa Bosi, aliyekuwa mwembamba kama mbwa wengine wa mlimani, na ghafla akaanza kunenepa. Kila Jumapili tulipanda kutoka mjini tulikoishi kula pamoja, mimi mwisho kabisa wa meza, na mzee hupewa kipande cha heshima, nyama ya mfupa. Nikachungulia chini ya meza nikaona kipande cha heshima kinaenda kwa Bosi. Dalili ya pili, Baba alianza kusifia mtori, ile supu laini ya ndizi zilizopondwa. Mtori asubuhi, mtori mchana, mtori ambao alikuwa akiuita chakula cha wazazi waliojifungua. Ya tatu, nilipofua leso zake nilikuta mabaka ya waridi. Ya nne, aliacha juu ya meza parachichi aliloliuma kidogo, nikalichukua kama mpelelezi: alama za meno zilikuwa zimepishana, na pembeni pana damu. Na ugoro aliunusa na kuubana mdomoni kila siku, kitu ambacho huzidi kuiharibu fizi.

Nilimwambia Kundaeli, "Baba yako anapoteza meno."

"Umeyaona?"

"Nimemwona mbwa."

Kundaeli alikwenda kuzungumza na baba yake kwenye zizi. Alirudi baada ya dakika mbili. "Amesema mkamwana anayempikia asubuhi hawezi kumhesabia meno mchana. Na amesema mbwa ni mnene kwa sababu ana amani."

Halafu yakaja mazishi ya jirani, wiki moja kabla ya Kwaresima. Kundi likapiga wimbo wa kaburini, na kwenye ubeti wa pili, pale tarumbeta ya kwanza inapopanda peke yake, ikatoka sauti kama filimbi ya refa. Waliokuwa wakilia wakanyamaza kidogo wasikilize. Baba akaishusha, akaipangusa kana kwamba kosa ni la tarumbeta, akarudia, ikapiga filimbi tena. Mpiga tarumbeta hukandamiza mdomo kwenye meno ya mbele, na meno yanayoyumba hayawezi kubeba sauti. Baada ya maziko kiongozi wa kundi, kwa upole wote, akamwambia, "Mzee, Pasaka kama utaona ni nzito, tutampa Mwalimu Gadi apige ya kwanza. Wewe utapumzika." Mama mkwe aliniambia kwamba Baba alipofika nyumbani aliilaza tarumbeta kitandani upande wake, yeye akakaa kwenye kiti mpaka jioni. Niliposikia hivyo niliumia. Nilikuwa nawaokolea watu baki meno yao kila siku, na huyu wa kwangu alikuwa anapoteza kitu pekee alichokipenda kwa sauti.

Alijaribu kujisaidia. Alishuka mjini kwa mtaalamu mmoja, ambaye alimwangalia akamwambia yang'olewe manne ya mbele awekewe ya bandia. Baba alivaa kofia akaondoka huku kitambaa cha kifuani bado kinaning'inia shingoni. Halafu akapitia kwa fundi viatu.

Jumamosi mama mkwe alinipigia simu, sauti imepanda. "Mama Elia, Baba yenu hasemi! Mdomo umepinda! Ni kiharusi!"

"Mama, mwambie anyanyue mikono yote miwili."

Nikasikia akimwamuru. "Ameinyanyua. Amenionyesha na ngumi."

"Mdomo umepindia wapi?"

"Juu. Jino limetokeza kama anacheka, lakini hacheki." Kisha nikasikia akinusa. "Mbona ananuka viatu?"

Alikuwa amejigundisha. Alichukua gundi ya fundi viatu akaunganisha jino la mbele linaloyumba na jirani yake, na mdomo wa juu ukajiunga na ushirika. Nilimwelekeza mama mkwe kwa simu atumie maji ya uvuguvugu na mafuta ya kupikia, asivute, asugue taratibu. Ilichukua saa nzima, na muda wote nilimsikia akimwambia mumewe mambo kwa Kichagga ambayo sitayaandika kwenye daftari la zawadi. Mdomo ulipoachia, neno la kwanza la Baba lilikuwa, "Usimwambie mkamwana."

"Yuko kwenye simu," mama mkwe akamjibu. "Na Jumatatu unakwenda kwake."

"Hawezi kuniangalia mdomoni! Nitamwangaliaje tena mezani?"

"Kwani sasa unamwangalia?"

Nilikosa usingizi nikitafuta njia, maana kumvunjia heshima sikutaka, na tabibu mwenzangu, ambaye angemtibu badala yangu, alikuwa masomoni. Jibu lilikuwa kabatini kwangu siku zote. Tuna kitambaa cha kijani cha upasuaji chenye tundu katikati. Unamfunika mgonjwa wote, linabaki tundu la mahali unapofanyia kazi. Nikampigia mama mkwe: Baba atafunikwa uso, sitamwona yeye, nitaona tundu. Na sitazungumza naye. Nitazungumza na Mama, Mama atazungumza naye. Baba alifikiria siku mbili, akauliza kama kitambaa kinafika mpaka miguuni, akakubali.

Alikuja amevaa suti. Nilitoka nje mpaka alipolala na kufunikwa, ndipo nikaingia. Mama mkwe alikaa kwenye kigoda karibu na kichwa chake, mkoba magotini.

"Mama, mwambie Baba afungue mdomo."

"Fungua mdomo."

Tundu likafunguka. Nilichokiona ndani ndicho nilichokuwa nimekisoma kwa mbwa. Ugaga ulikuwa umefunika meno ya chini mpaka ukawa kama jino moja refu. Fizi zilikuwa zambarau, zimeachana na meno, na nilipobonyeza pembeni ukatoka usaha. Ya mbele ya juu yaliyumba, lakini mizizi ilikuwa bado imeshika. Jino moja la pembeni lilikuwa limeshakufa. Mengine niliyaona yanaokoleka.

"Mama, mwambie Baba nitakwangua huu ugaga."

Tundu likaongea lenyewe, likimwambia mama mkwe: "Mwambie asiutoe! Ndio uliosimamisha meno. Akiutoa yatadondoka yote."

"Anasema—"

"Nimesikia, Mama. Mwambie Baba kwamba ni kweli yatayumba zaidi kwanza. Halafu fizi zitakaza. Ugaga haushiki jino, unalichimbia kaburi."

"Anasema unajichimbia kaburi," mama mkwe akafupisha.

Nikaanza. Vipande vilidondoka kwenye bakuli la chuma kwa mlio, na mama mkwe akainama kuangalia. "Hii ni saruji," akasema. "Meku, mzee wangu, ulikuwa unajenga nini humu?" Kufika meno ya nyuma nilikuwa nimezama kwenye kazi, nikasahau mkataba wote, nikasema kwa sauti yangu ya kliniki, ile ile ninayowaambia wakulima na maaskofu: "Fungua zaidi!"

Mama mkwe akashika mkoba. Kitambaa hakikutikisika hata kidogo.

Halafu tundu likafunguka zaidi.

Nililitoa lile jino moja lililokufa, nikayafunga ya mbele kwa waya mwembamba upande wa ndani yashikane, nikamwagiza mama mkwe amwambie kila kitu kuhusu mswaki. Nilitumia gunzi la hindi kumwonyesha: uchafu unakaa pale punje inapoingia kwenye gunzi, na mswaki upite hapo hapo. Baba alidai vipande vya ugaga vifungwe kwenye karatasi aende navyo, ahakikishe hatukumbakizia kitu ndani. Ugoro aliuacha siku hiyo. Kanisani alisema anafunga kwa ajili ya Kwaresima.

Wiki tatu zilizofuata ndizo zilizonifanya nijutie kusomea kazi hii. Meno yaliyumba kama nilivyosema, na maji ya mlimani yalimchoma mpaka machozi. Salamu ya Jumapili ilipungua, ikabaki "Mara—". Mama mkwe alinipa taarifa kwa simu kila asubuhi: amepiga mswaki, amenuna, amepiga mswaki, anatema pinki, amepiga mswaki, amenuna, anatema pinki kidogo. Alimrudisha kliniki mara mbili, kitambaa na suti. Wiki ya nne akapiga simu akacheka kabla ya kusema. "Mama Elia, leo ametema nyeupe. Ameniita niione. Na mimi nilikuwa natema pinki miaka yote, nilidhani ni umri. Sasa tunapiga mswaki wote, pinki nimeiacha." Siku nyingine akasema, "Ameipuliza kidogo, nyuma ya zizi. Ng'ombe wameshtuka."

Asubuhi ya Pasaka kanisa lilijaa mpaka nje, watu wa Dar wamerudi na magari yao. Niliwaza vibaya. Niliwaza waya umekatika, nikawaza filimbi ya refa mbele ya usharika mzima na jina langu limo. Mwalimu Gadi alikuwa amekaa kwenye nafasi ya pili na tarumbeta yake, tayari kwa lolote. Wimbo ukaanza, ukafika pale tarumbeta ya kwanza inapopanda peke yake. Baba alifumba macho. Sauti ikatoka nyembamba, ikatetemeka, halafu ikajaa, ikapanda, ikakaa juu bila kuyumba, ndefu kuliko wimbo ulivyotaka, mpaka mchungaji akageuka. Mama mkwe alinikanyaga mguu kwa furaha, na nililia bila kujificha.

Mchana tulikula nyumbani. Mama mkwe alileta sinia, na kipande cha heshima kikawekwa mbele ya Baba kama kawaida. Bosi naye akaenda kukaa miguuni pake kama kawaida, mdomo wazi, ana uhakika. Baba akakichukua kipande kwa mikono miwili, akakiangalia, akauma. Tulisikia. Alitafuna taratibu, akaenda upande wa pili, akatafuna mpaka mfupa ukabaki mweupe, akauweka kwenye sahani. Bosi akaangalia sahani, akamwangalia Baba, akaangalia sahani tena.

Elia alikuwa amekaa karibu naye, tayari kutumwa. Baba hakumtuma. Aliinua uso akaniangalia mimi, moja kwa moja, ng'ambo ya meza.

"Mama Elia," akasema, "huyu mbwa atakonda."

Kofia ilikuwa gotini pake, na aliiacha hapo. Alicheka, mdomo wote wazi, mbele yangu, kwenye mwanga wa mchana, na mimi nikacheka naye. Baadaye jioni, tukishuka mjini, Kundaeli aliniuliza fizi za Baba zinaendeleaje. Nikafungua mdomo kumjibu, ndipo nikagundua kwamba sikuziangalia.